Si kila picha ya habari ilipigwa leo

Wengi huamini kwamba picha zinazopita wakati mtangazaji anasoma habari zilipigwa siku hiyohiyo, palepale panapotajwa. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini mpiga picha hawezi kuwa kila mahali, na habari ya mafuriko haimsubiri afike. Hapo kituo huchukua picha za zamani kwenye hifadhi yake na kuandika "Maktaba" pembeni mwa kioo, wakati mwingine kwa herufi ndogo mno. Hilo si kosa la mtazamaji.

Neno hilo lisipokuwepo, tazama mazingira. Dodoma mvua hunyesha takriban Desemba hadi Aprili. Habari ya Septemba ikionyesha mtama wa kijani kibichi, picha hizo zina walakini (mizabibu ya umwagiliaji si kigezo). Angalia pia namba za magari ya Tanzania: herufi tatu za mwisho husonga kialfabeti kadiri magari yanavyosajiliwa. Foleni nzima ya magari ambayo herufi hizo zinaanza na A na B, bila D hata moja, huenda ni ya miaka mingi nyuma. Bodaboda ziache, zina mfululizo wao wa MC.