Msimamizi wa mirathi si mrithi

Wikendi tulikuwa nyumbani Butere, kikao cha familia, mjomba wangu mkubwa akatoa ile karatasi ya korti, ashailamineti kabisa, akaiinua akasema "korti imenipea shamba ya baba." Hii maneno nimeisikia Kisumu, nimeisikia Nakuru, sasa imefika kwetu, kwa hivyo wacha niiongelee.

Msimamizi wa mirathi ni mtu amepewa ruhusa na korti akusanye mali ya marehemu, alipe gharama za mazishi na madeni, halafu agawie wenye haki. Basi. Ile karatasi yake ndio tunaita granti.

Sasa kuja kwa jina lenyewe. Mirathi limetoka Kiarabu, ni ukoo mmoja na urithi, kurithi na mrithi, na naona hapo ndipo watu hupotelea, sikio linashika mirathi linaacha neno lenye limetangulia. Na hilo lenye limetangulia ni la kwetu kabisa: simama, simamia, msimamizi. Ukisimamia kitu umesimama hapo kwa niaba ya wenyewe. Mwalimu akisimamia KCSE hakuna mtu husema mtihani ni wake, na msimamizi wa mjengo nyumba ikiisha anapatia mwenyewe funguo anaenda. Ni kweli mtu anaweza kuwa msimamizi na pia mrithi, mjomba ni vyote viwili, lakini usimamizi amepewa na korti, urithi ameupata juu ni mtoto wa babu, sawa tu na vile mama yangu ni mtoto wa babu.

Na granti ikitoka mara ya kwanza haijagawa kitu. Ombi linatangazwa kwa Gazeti la Serikali, siku 30 mwenye pingamizi aseme, granti ikishatoka kwa kawaida mnangoja miezi 6 ndio mrudi korti ikonfamiwe, na hicho cheti cha kukonfamu ndicho kinaandika nani anapata nini. Kabla ya hapo Sheria ya Urithi, sura 160, haikubali shamba liuzwe, hata kipande. Niliomba mjomba anionyeshe yake, nikaisoma polepole tukiwa tumesimama hapo kwa mlango wa jikoni, imeandikwa atasimamia mali kulingana na sheria na atatoa hesabu ya kweli akihitajika. Angekuwa mwenye shamba hangeambiwa atoe hesabu.

Mjomba, nakuheshimu, na ulihangaika sana na barua ya chifu na nauli ya Kakamega kila mara, sijasahau. Siku ya kukonfamu tafadhali weka jina la mama na la mama mdogo kwa mgao. Nyanya alishatangulia na babu hakuacha wosia, kwa hivyo watoto wote wanagawana sawa, hata wenye wameolewa. Na kama yule mtu wa ile kona ya miwa ashakupea depositi, mrudishie kwanza.