Mshenga naye ana kiti: ushauri wa ndoa hapa Dodoma

Mume na mke wanapofika ofisini kwangu, swali langu la kwanza, baada ya salamu ambazo sizikatishi hata zikiwa ndefu, ni hili: nani mwingine anajua kwamba mmekuja? Mara nyingi shauri lao limekwisha kupita kwa mshenga, kwa shangazi, na kwa wazee wa pande mbili waliokabidhiana ng'ombe wa mahari. Mafunzo yangu yalimhesabu mteja kuwa ni wawili wenye faragha yao. Nilipoyafuata kama yalivyo, tuliyokubaliana Jumanne yalivunjwa Jumapili katika kikao cha ukoo ambacho sikuwa na habari nacho. Siku hizi, wote wawili wakiridhia, humwalika mshenga kwa kikao kimoja, nikamsikiliza kama shahidi wa ahadi za mwanzo.

Mama mmoja (nimebadilisha yote yanayoweza kumtambulisha) alihamia hapa na wizara yake Serikali ilipoanza kuhama Dar es Salaam, mume na watoto wakabaki kule. Alisema neno moja tu: "Nina mawazo." Ni rahisi kuliandika neno hilo kuwa sonona na kuendelea. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, una mahojiano ya maswali 16 kuhusu utamaduni, na ninayoyapenda zaidi ni yale yanayomtaka mtu alitaje tatizo lake kwa maneno yake mwenyewe na aeleze jamaa zake wanadhani limetokana na nini. Nilipomuuliza hivyo, alijibu kwamba kwa mama mkwe wake yeye ni mke aliyekimbia nyumba, na kwamba akienda likizo hupokewa kama mgeni. Nilimuuliza pia kuhusu usingizi, hamu ya kula na mawazo ya kujidhuru, kwa sababu huzuni ya kifamilia na ugonjwa huweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na hapa tunayo Hospitali ya Mirembe ya kumpeleka anayehitaji dawa.

Lakini sikubali kila kinacholetwa kwa jina la mila. Kabla ya kumwita mzee yeyote, huonana na kila mmoja peke yake, kwa maana mke anayepigwa hawezi kusema kweli mbele ya wanaomwambia avumilie. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama desturi inasema vinginevyo. Wazee wengi niliowasomea kifungu hicho, taratibu na kwa heshima, walikaa kimya kwanza, kisha wakauliza maswali ya maana. Palipo na kipigo sifanyi kikao cha pamoja: humsindikiza mhusika hadi dawati la jinsia na watoto la polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii, na mshenga husubiri.