Nanasi bichi na hemu havilali bakuli moja

Wiki jana nimepigiwa simu tena. Mama mmoja wa Kizingo hapa Mombasa, huwa nampikia akiwa na wageni, ananiambia mwanangu njoo unitizamie hii hemu yangu, sielewi imekuwaje. Hemu, kwa asiyeijua, ni nyama ya paja iliyolazwa kwenye chumvi na kupikwa kiwandani. Nikaenda. Nikafunua bakuli nikachoma kipande kwa uma nikiinue, uma ukapita tu kama umechoma ndizi iliyoiva, kipande kikabaki chini nyuzi nyuzi, na mchuzi juu umekuwa mzito wa rangi ya kijivu. Nikamuuliza, mama, nanasi ulilitia lini? "Jana magharibi." La kopo au bichi? "Bichi mwanangu, tena nimelikamua kwa mkono wangu, si ndilo linalolainisha?"

Jamani. Mara ngapi mwaka huu sijui, na wa kabla yake alikuwa mpishi mwenzangu, mtu wa jiko la hoteli kabisa. Kwa hivyo naandika hapa, nikiulizwa tena nitatuma linki.

Hii imani kwamba nyama ikilala na tunda ndiyo inazidi utamu najua imetoka wapi. Imetoka kwenye mishkaki. Sisi hapa Mombasa tumekua tukiona papai bichi linasagwa na thomu na tangawizi, nyama ya ng'ombe inapakwa, inakaa saa moja mbili, inaenda mkaani, na inalainika kweli. Papai lina kimeng'enya kinaitwa papaini, nanasi lina chake kinaitwa bromelaini, na kazi ya hivi vitu ni moja tu, kukatakata protini. Ndiyo maana ukila nanasi jingi ulimi unawasha, linakutafuna na wewe. Na ndiyo maana ukitia nanasi bichi kwenye jeli ya jelatini, ambayo nayo ni protini, haigandi hata ukeshe nayo kwenye friji.

Sasa mishkaki ni nyama mbichi na ni ngumu, ina kitu cha kulainishwa. Hemu imeshalala kwenye chumvi, imeshapikwa kiwandani, inakuja kwako laini tayari. Unalainisha nini?

Na hapa nataka mtu anisikize vizuri kwa sababu ndipo watu wote wanaponipita. Nyumba ninazopikia nyingi hazili nguruwe, kwa hivyo hemu tunayoiongelea ni ile ya bata mzinga. Ile si paja moja zima. Ni nyama ya mapaja imekatwa vipande, ikakorogwa na chumvi mpaka protini zikatoka nje zikanata kama gundi, halafu ikabanwa kwenye umbo na kupikwa. Kinachoshika kile kipande kikae kipande ni ile gundi, na ile gundi ni protini. Ukiimwagia nanasi bichi usiku kucha umekipa kimeng'enya kazi ya kula kile kile kinachoishikilia nyama isiachane. Ya nguruwe iliyo paja zima inavumilia kidogo zaidi kwa sababu nyuzi zake ni za kuzaliwa nazo, lakini nayo juu inakuwa kama imeshatafunwa na mtu mwingine.

Na hata kwenye nyama mbichi, mnajidanganya na hizi saa. Hiki kitu hakiingii ndani. Kinafanya kazi juu juu, milimita chache tu, kwa hivyo ukiacha usiku mzima hupati nyama laini mpaka kati, unapata uji nje na ugumu ndani, na mishkaki ya hivyo sote tumeshauziwa.

Mtu ataniuliza basi dakika ngapi ni salama. Mapishi mengi yanaandika nusu saa kama vile mananasi yote yamezaliwa siku moja. Mimi nimeona nanasi la soko la Kongowea likaharibu trei ya kuku ndani ya dakika ishirini, na wiki iliyofuata nanasi kutoka kwa muuzaji yule yule likakaa saa nzima bila kufanya cha maana. Kuiva kwake, umri wake, umekamua na ule moyo wa katikati au umeutupa, vyote vinabadilisha. Kwa hivyo dakika sikupi. Nakupa moto.

Moto ndio unaoua bromelaini. Nanasi la kopo limeshapikwa, ndiyo maana halidhuru kitu, na ndiyo maana jeli ya nanasi la kopo inaganda. Kwa hivyo bichi nalo lichemshe kwanza au likaange kwanza, likishapitia moto mkali mpaka ndani liache na hemu hata siku mbili kwenye friji, hamna kesi.

Ninavyopika mimi, na ni chakula cha dakika ishirini kwa watu wanne: hemu kama gramu 400, vipande vya unene wa kidole cha mwisho, vikaushe kwa tishu kwa sababu ikiwa na maji haikaangiki, inachemka. Karai ipate moto, mafuta kidogo, dakika mbili kila upande, toa weka pembeni. Imeshaiva, unataka rangi tu na iwe moto. Karai ile ile tia nanasi vipande bila moyo, usikoroge koroge, liache lishike chini mpaka kingo ziwe kahawia na jikoni kunuke kama sukari inayoungua kidogo. Kitunguu maji, thomu, karafuu mbili, pilipili manga ya kutosha. Halafu ukwaju mzito vijiko viwili na maji robo kikombe, ichemke mpaka iwe nzito. Asali kijiko kimoja mwisho kabisa, inaungua upesi kuliko sukari. Rudisha hemu, igeuze mara moja, zima moto. Ndimu juu.

Msimu wa embe tumia embe, ila lisiwe limeiva sana, litayeyuka. Boribo lenye ugumu kidogo ndilo nalipenda mimi.

Chumvi usitie. Hata ya wali wa nazi ipunguze, hemu ina chumvi yake na ukwaju ukikauka unaizidisha.

Na wale wanaosema tunda na nyama ya chumvi ni mambo ya wazungu, nendeni Lighthouse, pale ufukweni Mombasa, jioni mkatizame embe linavyotiwa chumvi na pilipili, halafu mrudi nyumbani mhesabu zabibu kwenye pilau ya harusi.

Mama wa Kizingo tulimwokoa. Ile hemu iliyoharibika hairudi, lakini tuliichemsha pale pale, ikishachemka haiendelei kuharibika, nikaiponda kwa uma, nikatia viazi, kotimiri na pilipili, tukafanya kababu. Wageni walimaliza sahani. Akaniambia, "Sasa mwanangu, Jumamosi nifanye tena vile vile?" Nikamwambia mama, kababu kama unazitaka nitakufanyia za nyama ya kusaga, hemu Jumamosi naleta mwenyewe, na nanasi tutalikaanga nikiwepo.