"Taa inawaka, basi inalinda": dhana potofu kuhusu kinga za umeme za ukutani zenye USB

Mezani kwangu kuna kidude cheupe nilichokipasua wiki iliyopita. Mgongoni kina miguu mitatu ya plagi, usoni kina soketi tatu, matundu manne ya USB na taa nyekundu. Kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kinazuia saji, yaani ule mruko wa ghafla wa volti unaokuja na kupita kabla hujapepesa jicho. Ndani nimekuta bati nyembamba za shaba zinazounganisha miguu na soketi, kadi ndogo ya USB, na taa. Basi. Cha kuzuia saji hakimo. Mwenyewe alikileta pamoja na king'amuzi kilichoungua, akaniuliza: "Fundi, sasa hii kinga ilikuwa inakinga nini?"

Natengeneza vifaa vya umeme hapa Mwanza, na swali hilo nalisikia kwa sura nyingi. Ugumu wake ni kwamba kidude hiki ni vitu vitatu ndani ya ganda moja: adapta ya soketi, kinga ya saji na chaja ya simu. Dukani unahesabiwa matundu. Mimi ningekuuliza kwanza umeme wa nyumbani kwako unaumwa nini.

Dhana: Taa inawaka, kwa hiyo inalinda

Taa inakwambia umeme umefika, hakuna zaidi. Kinacholinda ni varista: kidonge bapa chenye miguu miwili, mara nyingi cha rangi ya buluu, kilichotengenezwa kwa unga wa oksidi ya zinki ulioshindiliwa na kuchomwa. Kwa volti 230 za kila siku kinakaa kimya kana kwamba hakipo. Volti zikiruka ghafla, kinafungua njia na kulipitisha lile wimbi pembeni, kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme) au ethi (waya wa kwenda ardhini), lisiingie lote kwenye TV. Likishapita, kinajifunga tena.

Kazi hiyo inamchosha. Kila saji inamla kidogo, na ile idadi ya jouli iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo ukubwa wa tumbo lake: ni kiasi gani cha nishati anaweza kumeza kabla ya kuisha. Baada ya miaka kadhaa, au baada ya saji moja kubwa, varista imekufa lakini soketi zinaendelea kutoa umeme kama jana. Ndiyo maana kinga nzuri ina taa mbili, moja ya umeme na nyingine, mara nyingi ya kijani, ya ulinzi. Ya pili ikizimika, umebaki na adapta tu. Baadhi ya kampuni huenda mbali zaidi: varista ikifa, soketi nazo zinakata umeme, mteja akarudi dukani analalamika kwamba imeharibika, kumbe imefanya kazi yake.

Kuna jambo jingine la kuangalia, nalo linahusu moto. Varista iliyochakaa huvujisha umeme, hupata joto, na ikipata joto huzidi kuvujisha. Kinga iliyotengenezwa kwa akili ina fyuzi ya joto iliyobanana na varista ili ikate kabla plastiki haijayeyuka. Huwezi kuiona kabla ya kununua, lakini unaweza kusoma boksi. Tafuta tarakimu: volti 230 au 240, hezi 50, jouli ngapi, na herufi Up zikifuatiwa na namba. Up ni kiwango cha volti kinachoachwa kifike kwenye kifaa wakati wa saji; ikiwa 1.5 kV au chini ya hapo, ni nzuri kwa vifaa vya nyumbani. Usishangae kuona volti 1,500 zikiitwa nzuri, kwa sababu ni za kitambo kidogo mno, na vifaa vingi vya nyumbani hutengenezwa kustahimili miruko ya volti 2,500. Boksi lisilo na tarakimu hata moja, lenye neno kubwa tu na picha ya radi, lihesabu kama ekstensheni na ulipe bei ya ekstensheni.

Dhana: Inazuia umeme mdogo na umeme mkubwa

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, na wauzaji wengine hawadanganyi makusudi, hawajui tu.

Saji ni kofi. Umeme mdogo, ule wa jioni mtaa mzima ukiwa umewasha, taa zikawa kama mishumaa, ni njaa ya saa nzima. Varista haina la kufanya kwa njaa. Kuna pia umeme mkubwa unaokuja na kukaa: nyutro ikilegea au kukatika kwenye nguzo, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti, yaani nyaya tofauti zinazoleta umeme, zinaanza kugawana volti 400 bila mpangilio, huyu akapata 150, jirani akapata 330. Kwa huyo wa 330 varista inajaribu kumeza kitu kisicho na mwisho. Itapasuka au itaungua ndani ya muda mfupi, na TV inafuata.

Dawa ya maradhi haya ni kifaa kingine kabisa, kile tunachokiita friji gadi, au ndugu yake wa TV. Kinapima volti muda wote, kinakata zikishuka chini ya takriban 185 au zikipanda juu ya takriban 260, kisha kinasubiri umeme utulie ndipo kirudishe. Cha friji kinasubiri dakika kadhaa kwa sababu maalumu: kompresa iliyozimwa ghafla ina mgandamizo wa gesi ndani, na ikilazimishwa kuwaka papo hapo inakwama na kuunguza koili. Stabilaiza ni ya tatu katika ukoo huu; yenyewe inanyanyua au kushusha volti badala ya kukata. Kwa hiyo anayekaa mtaa wenye umeme wa kupanda na kushuka, akaweka kinga ya saji peke yake, amevaa kofia ya pikipiki kuzuia mvua.

Nikiulizwa na mtu mwenye bajeti ya kitu kimoja tu, namwambia anunue gadi kwa ajili ya friji, na simu aendelee kuichaji kwa chaja yake.

Dhana: Radi ikipiga, kinga itaimeza

Pigo la kawaida la radi hubeba mkondo wa karibu ampea 30,000. Hakuna kidude cha kuchomeka ukutani kinachosimama mbele ya hilo. Radi iliyopiga mbali, ikasafiri kwenye nyaya ikiwa imepungua, hiyo kinga inaweza kusaidia. Sisi wa pembezoni mwa Ziwa Victoria, pamoja na wenzetu wa milima ya mashariki ya Kongo, tunakaa kwenye moja ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, kwa hiyo tabia ya wazee ya kuchomoa kila kitu wingu likifunga si ushamba. Chomoa na waya wa antena au wa dishi pia. King'amuzi cha yule mteja hakikuungulia upande wa plagi hata kidogo. Kimeungulia pale unapoingia waya wa dishi. Hata kinga yake ingekuwa ya kweli, mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Dhana: Mguu mrefu ni wa kushikilia tu

Ule ni ethi. Kwenye soketi zetu za miguu mitatu bapa, mtindo tuliourithi kwa Waingereza, mguu mrefu una kazi mbili: unatangulia kuingia na kufungua vijilango vya plastiki vinavyoziba matundu mengine mawili, halafu unaunganisha chuma cha kifaa na ardhi. Kinga kamili ina varista tatu, moja kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro, na mbili zinazotegemea ethi. Nyumba isiyo na ethi inabaki na theluthi moja ya kinga, tena bila kujua, kwa sababu kila kitu kinawaka vizuri.

Na nyumba za namna hiyo ni nyingi kuliko mnavyodhani. Soketi ina matundu matatu, ila nje hakuna fimbo ya shaba iliyochimbiwa, au ilikuwepo na wauza skrapa wakaing'oa. Mwite fundi mwenye leseni aipime kwa mashine. Kumulika kwa tochi na kuona waya wa kijani na njano si kupima.

Neno moja kuhusu zile soketi za "kila plagi inaingia". Zinapendwa kwa sababu hazichagui. Nyingi hazina vijilango, kwa hiyo kidole au kijiti cha mtoto kinaingia moja kwa moja. Tena zinaishika plagi kwa ulegevu, na ulegevu unazaa cheche, cheche zinazaa ile harufu ya plastiki iliyochomeka ambayo kila mtu anaijua. Mwenye watoto asinunue, hata akipewa bure.

Dhana: Iliyotoka nje ndiyo orijino

Inategemea nje ya wapi. Shangazi aliye Marekani akikutumia kinga safi ya kampuni kubwa, imetengenezwa kwa volti 120. Varista zake zinaanza kufanya kazi pale ambapo umeme wetu wa kawaida umeshapita. Ukiichomeka kwenye 230 kwa adapta, inaona saji isiyoisha: mlio, moshi, sakiti breka chini. Matundu yake ya USB huenda yanakubali volti 100 hadi 240, na maandishi hayo yamewaponza wengi, kwa sababu yanahusu upande wa chaja tu.

Za bara Ulaya zina volti sahihi, lakini ethi yao mara nyingi iko kwenye vibanio vya pembeni ya plagi, na ukipitia adapta ya bei ya chai ethi inaishia hewani. Mtumba wa Uingereza unaingia vizuri na unaonekana imara. Tatizo ni tumbo la varista: limeshameza kiasi gani huko lilikotoka? Nguo ya mtumba unaigeuza, ukaona ilipochakaa. Varista haigeuziki.

Nikiwa hapo hapo, ile hadithi kwamba herufi CE zikikaribiana maana yake ni "bidhaa ya China ya kuuzwa nje" haina mizizi. Hakuna alama rasmi ya namna hiyo. CE ni tamko la mtengenezaji kwamba amefuata masharti ya Ulaya, na kwa vifaa vya aina hii anaweza kulibandika mwenyewe bila maabara ya nje kuhusika. Zikaribiane, zitengane, wino ni ule ule. Muulize muuzaji risiti na dhamana ya maandishi. Anayekwepa hivyo viwili ameshakujibu.

Dhana: USB yenye ampea nyingi inaua simu

Hapana. Simu huvuta inachohitaji. Tundu la ampea 2.4 kwa volti 5 lina uwezo wa wati 12, na simu inayotaka wati 5 itachukua 5. Udanganyifu uko kwenye kujumlisha: matundu manne yaliyoandikwa 2.4A kila moja, wakati pembeni kwa herufi za sisimizi pameandikwa jumla 3.1A. Hizo ni wati 15 na nusu za kugawana. Chomeka simu nne, zote zitajikokota mpaka asubuhi.

Kinachoua ni ubovu wa kadi yenyewe. Ndani yake kuna upande wa volti 230 na upande wa volti 5, na kati yao panatakiwa pawe na nafasi ya kutosha na transfoma ndogo iliyozungushiwa vizuri. Kwenye kile kidude changu cheupe pande hizo mbili zimekaribiana mpaka ukucha haupiti. Vumbi na unyevu wa masika vikikaa hapo, volti 230 zina njia ya kufika kwenye simu uliyoiweka sikioni. Mtekenyo mdogo kwenye simu yenye ganda la chuma unaweza kutokea hata kwa chaja nzuri. Ukiwa mkali, wa kukufanya uachie simu, chomoa na usirudie.

Kuhusu kula luku bila simu kuchomekwa: hata ikila nusu wati usiku na mchana, mwaka mzima ni uniti 4 na kidogo. Watoto wakiacha friji wazi unapoteza zaidi.

Dhana: Soketi sita ni ruhusa ya vifaa sita

Plagi moja ukutani ni ampea 13, sawa na takriban wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya 1,500 vimeshapita. Plagi inapaswa kuwa na fyuzi ndani. Ya bandia mara nyingine ina kipande cha waya mahali pa fyuzi, au mguu wa ethi ni plastiki tupu. Vya kupasha joto vichomeke peke yake ukutani, na ekstensheni usiichomeke kwenye kinga.

Yule mteja wangu hatimaye alinunua kinga ya soketi mbili, taa mbili, USB mbili zenye jumla iliyoandikwa wazi. Soketi chache, uzito kidogo unaoning'inia ukutani, na bei ilikuwa chini ya kile cheupe chenye matundu saba. Kabla hajaondoka nimeandika tarehe mgongoni kwa kalamu ya wino usiofutika, ili baada ya miaka mitatu hivi, au siku taa ya kijani itakapozimika, asianze kuniuliza aliinunua lini.