Kozi ya ufundi si mwisho wa masomo

Wazazi wengi jijini Dar es Salaam bado huamini kwamba kozi ya ufundi stadi ni ya aliyefeli kidato cha nne, na kwamba akishaingia huko hana tena njia ya kuendelea. Mfumo wenyewe haukupangwa hivyo: tuzo za ufundi stadi zina ngazi ya 1 hadi ya 3, na anayehitimu ngazi ya 3 anaweza kuomba kujiunga na ngazi ya 4 ya elimu ya ufundi, ambako ngazi ya 6 ndiyo stashahada.

Swali la maana ni kama kozi hii, katika chuo hiki, inastahili ada na muda wake. Kwanza hakikisha kuwa chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, kisha omba kuingia karakanani wakati wa mafunzo. Ukikuta wanafunzi thelathini wamezunguka mashine moja ya kuchomelea, huku wengi wakiandika madokezo tu, unalipia daftari (na madaftari Kariakoo ni bei rahisi). Uliza pia wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo kwa vitendo, na ni nani anayewatafutia nafasi.

Kwa fundi aliyejifunzia gereji ya mtaani, kuanza kozi upya huenda kusiwe na faida, kwa kuwa VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi hupimwa kwa kile anachokijua na kupewa cheti.