Kilichomo kwenye sahani ya ugali na maharage: maswali na majibu

Swali: Wanasema ugali ni wanga mtupu. Una faida gani, basi?

Tafuna tonge taratibu bila kulimeza. Baada ya muda utasikia utamu kwa mbali. Ni mate hayo: yana kimeng'enya kinachoikata minyororo mirefu ya wanga kuwa sukari ndogondogo. Utumbo mdogo humalizia kazi, sukari iitwayo glukosi ikaingia kwenye damu, na seli zikapata nguvu. Ya ziada huwekwa kwenye ini na misuli. Ghala hilo likijaa, inageuzwa mafuta. Na "mtupu" ni kuuonea: hasa dona, ina protini pia.

Swali: Kwa nini basi nihangaike na maharage?

Protini hujengwa kwa asidi amino za aina 20, na 9 kati yake mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea. Ni lazima uzipate kwa kula. Mahindi yana lisini, mojawapo ya hizo 9, kidogo; maharage yanayo tele. Maharage nayo yamepungukiwa methionini, nyingine kati ya hizo 9; mahindi yanaifidia. Makande, kwa maana hiyo, ni hesabu iliyokwisha kukokotolewa sufuriani. Ukiongeza dagaa, zote 9 unazipata humohumo.

Swali: Nikiacha mafuta kabisa je?

Usiache. Utando wa kila seli umejengwa kwa mafuta, na bila mafuta kwenye mboga, vitamini A ya mchicha hufyonzwa kwa shida. Ila pima: gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini 4.

Swali: Mwanangu ana selimundu. Nimlishe nini apone?

Swali hili naulizwa sana, na jibu lake si jepesi kulitoa. Chakula humpa nguvu, lakini hakiufuti ugonjwa huu, kwa sababu chanzo chake ni vinasaba. Vinasaba ndivyo vyenye maelekezo ya kutengeneza protini, ikiwamo himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu. Kwenye selimundu, herufi moja tu ya maelekezo hayo imebadilika, na asidi amino moja ikachukua nafasi ya nyingine. Himoglobini hiyo ikipungukiwa oksijeni hushikamana, chembe nyekundu ya damu inajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndipo mtoto analia kwa maumivu ya mifupa.

Hajarogwa, wala hukumlisha vibaya. Amerithi kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao kila mmoja anaweza kuwa mzima kabisa bila kujua kwamba anabeba kinasaba hicho. Mpe maji ya kutosha, mkinge na baridi, usikose kliniki, na homa ikipanda usisubiri kesho. Wadogo zake nao wapimwe damu, hata kama wanacheza vizuri.