Chumvi na mgonjwa wa figo: tunavyodanganyana Malindi

Mjomba wangu wa Shela, hapa Malindi, aliambiwa kliniki kwamba figo zake zimedhoofika, apunguze chumvi. Akarudi nyumbani, akaondoa kichupa cha chumvi mezani, akajiona kamaliza kazi. Mchana huo tulikula ugali kwa ng'onda wa papa, yaani papa aliyekaushwa kwa chumvi. Mpishi ni mimi, kwa hiyo nusu ya lawama ni yangu. Haya hapa ndiyo maneno tunayoambiana, na majibu yangu.

"Mimi siongezi chumvi mezani."

Ile ya mezani ndiyo ndogo. Chumvi nyingi huingia kwa milango ambayo hatuichungi: mkate wa dukani, achari, vile vijipande vya mraba vya kukolezea supu, viazi vya karai vilivyonyunyiziwa pilipili na chumvi pale barazani, hata magadi tunayotia kwenye maharagwe, maana nayo ni sodiamu. Figo nzima huitoa sodiamu iliyozidi kwa njia ya mkojo. Zikidhoofika, sodiamu hubaki na kushikilia maji mwilini: miguu huvimba, presha hupanda, nayo presha huendelea kuzila figo zilizobaki. Mgonjwa wa figo hushauriwa sodiamu isizidi gramu 2 kwa siku, yaani chumvi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa iliyomo tayari ndani ya chakula. Ukisoma pakiti, zidisha sodiamu mara 2.5 upate chumvi.

"Yetu ni ya bahari, haina kemikali."

Hili ndilo linalonichekesha. Ukishika barabara ya Garsen utayaona mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni: maji ya bahari huingizwa mabwawani, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Na kilichobaki, karibu chote, ni sodiamu na klorini, sawa na chumvi nyeupe ya pakiti. Iwe ya mawe, iwe ya unga, gramu ni gramu.

"Ng'onda akilala majini, chumvi imetoka yote."

Hupungua, haiishi. Nami nampenda ng'onda, lakini kwa mjomba nimeshaamua: samaki mbichi.

"Basi anunue ile chumvi ya wenye presha."

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo watu wema wanapokosea zaidi. Jirani alituletea pakiti kwa nia safi kabisa. Chumvi hizo hupunguza sodiamu kwa kuweka kloridi ya potasiamu mahali pake. Mwenye figo nzima huenda zikamfaa. Figo dhaifu hushindwa kuitoa potasiamu, nayo ikijaa kwenye damu huweza kuvuruga mapigo ya moyo, mara nyingi bila dalili ya kumtahadharisha mtu. Hatari huzidi kwa wanaomeza dawa za presha kama enalapril, losartan au spironolactone, nao ni wengi miongoni mwa wagonjwa hawa. Ukiona KCl, yaani hiyo kloridi ya potasiamu, kwenye pakiti, usiifungue kabla hujamuuliza daktari.

Madafu nayo yamo humo humo. Pwani tunasema dafu linasafisha figo. Glasi moja ina potasiamu inayokaribia miligramu 600, na ambaye vipimo vyake vya potasiamu viko juu hapaswi kuligusa.

"Joto hili! Lazima nirudishe chumvi ya jasho."

Jasho la kawaida la Malindi halikudai kijiko cha ziada. Chakula cha siku kinatosha na kubakisha. Anayeharisha au kutapika ni habari nyingine, na wapo wagonjwa wachache ambao figo zao zenyewe huvujisha chumvi. Hao daktari wao atawaambia.

"Dawa za presha nameza, chumvi itafanya nini?"

Huzipunguzia nguvu dawa hizo hizo. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Australia uliofuatilia wagonjwa 20 wa figo: wiki mbili za chumvi kidogo ziliteremsha namba ya juu ya presha kwa takriban alama 10. Watu 20 ni wachache, lakini alama 10 mtu huzipata kwa kuongezewa kidonge.

"Chakula kitakuwa cha hospitali."

Siku za kwanza, kweli. Mjomba alisusa samaki wangu mara mbili. Niliachana na kupunguza ghafla, nikaanza kukamulia ndimu mwishoni sufuria ikishaepuliwa, kitunguu thomu nikazidisha, tangawizi, bizari nzima, pilipili mbichi. Ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa.

Juzi alikwenda harusini, akarudi ananung'unika kwamba pilau ilikuwa chumvi tupu. Nilikuwepo. Wenzake wote kwenye sinia walikula, na mmoja aliomba chumvi.